Kitendawili ukikichora umeshakijibu: gemu za maandishi na gemu za picha

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nimeandika hadithi kuhusu nyumba ya marehemu bibi yetu huko Pangani, nataka niigeuze iwe gemu ya kusoma na kuchagua. Haina picha hata moja, kuchora sijui na hela ya kumlipa mchoraji sina. Kaka yangu anasema napoteza muda, zama hizi za PlayStation nani akae asome maandishi. Rafiki yangu yeye anasema maandishi ndo bora kwa sababu yanakuza uwezo wa kuwaza na picha zinaua. Nani yuko sahihi?"

Marahaba mdogo wangu. Nimekaa na swali lako siku tatu maana hii kitu naipenda mno na sikutaka nikujibu juu juu. Hakuna aliye sahihi kati yao, ila kila mmoja kashika kipande cha ukweli, na nitaanza na cha rafiki yako kwa sababu ndo kinachosemwa sana na ndo kinachoharibu waandishi wengi wapya.

Kumbuka kitendawili kile cha utotoni, nyumba yangu haina mlango. Jibu unalijua, ni yai. Sasa chukua kalamu ukichore. Ukichora yai umeshajibu, mchezo umeisha kabla haujaanza, na ukichora nyumba isiyo na mlango umempoteza mtu kabisa, atakaa anatafuta jengo. Kitendawili kinaishi ndani ya neno "nyumba" tu, pale ambapo neno linakuwa vitu viwili kwa wakati mmoja, na picha haiwezi hilo, picha lazima ichague. Simaanishi picha ni dhaifu, namaanisha kazi yake ni nyingine. Na wala sikuleti kitendawili kwa sababu ni cha kwetu, kuna msomi Mmarekani anaitwa Nick Montfort, mwaka 2003 alitoa kitabu kizima kuhusu historia ya gemu za maandishi, na hoja yake mojawapo kubwa ni kwamba babu wa gemu hizi ni kitendawili, kwamba sentensi inakuwekea ulimwengu mdogo uliofungwa na wewe unaufungua kwa kujibu. Mi nilivyosoma hilo nilisimama nikatembea chumbani. Sisi tumekua na tega, na ukishindwa unaambiwa nipe mji! Kampuni ya Infocom ya Marekani miaka ya 80 ilikuwa inauza vitabu vya majibu ya gemu zake vilivyochapwa kwa wino usioonekana, unapewa na kalamu maalumu, ukipitisha kalamu ndo jibu linatokea polepole, la kwanza dokezo dogo, la pili kubwa zaidi, la mwisho jibu lenyewe. Kwangu huko ndo kutoa mji hasa, tofauti wao walitozwa dola.

Sasa kosa la rafiki yako lipo hapa. Anadhani maandishi yanakuza kuwaza kwa sababu yameacha vitu wazi, kwa hiyo ukiacha vitu wazi zaidi ndo watu watawaza zaidi. Hapana. Gemu ya kwanza kabisa ya aina hii iliyopata umaarufu, inaitwa Adventure, unasoma mahali ulipo, unaandika amri, nayo inakujibu kwa maandishi, ni kinyume cha hapo. Aliyeiandika ni Will Crowther, kati ya 1975 na 1976, alikuwa mtengeneza programu kwenye kampuni ya Bolt Beranek and Newman huko Massachusetts, hao hao walioshiriki kujenga ARPANET iliyokuja kuzaa intaneti. Huyu bwana pamoja na mkewe Patricia walikuwa wapenda mapango, wanaingia chini ya ardhi Kentucky na kamba na taa za kichwani wanapima, na mwaka 1972 Patricia alikuwemo kwenye msafara uliothibitisha kwamba mapango ya Flint Ridge na Mammoth yameungana chini kwa chini. Halafu ndoa ikavunjika. Crowther akawa amewakumbuka watoto wake wa kike na amelikumbuka pango, akaandika gemu ya maandishi watoto waje wacheze, na pango aliloweka ndani yake ni pango la kweli, lile alilolipima kwa mikono yake. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford akaipanua, akaongeza hazina zaidi na mambo mengine ya kichawi, ikasambaa kwenye kompyuta za vyuo na maofisi.

Ukiisoma leo utashangaa ilivyo kavu. Kuna sehemu inakwambia tu unatambaa juu ya kokoto kwenye njia ya chini, kuna mwanga hafifu upande wa mashariki. Basi. Hakuna "giza la kutisha lililobeba siri za kale", hakuna kivumishi cha bure. Lakini kokoto! Ukisoma kokoto magoti yako yanajua. Na neno "chini" linakuinamisha mgongo. Mwaka 2007 mtafiti anaitwa Dennis Jerz aliichambua programu ya awali ya Crowther, ile ya kabla ya Woods, akaenda nayo mpaka pangoni kwenyewe kulinganisha, na alikuta pango la kwenye programu na pango la mawe vinafuatana kwa mengi sana. Kwa hiyo kilichowafanya watu miaka ile wakeshe kwenye kompyuta hakikuwa ukungu, ilikuwa ni mtu anayejua mahali pake hatua kwa hatua, akachagua vitu viwili vitatu vya kukupa na vingine akakuachia.

Hapo pa kuchagua ndo kila kitu kipo, shika hapo.

Mfano mwingine ninaoupenda kuliko yote ni Zork. Ilianza 1977 pale chuo cha MIT, Marekani, vijana wanne, Tim Anderson, Marc Blank, Bruce Daniels na Dave Lebling, walikuwa wamemaliza gemu ya Crowther na Woods wakataka ya kwao. Kwenye matoleo ya mwanzo ukitembea gizani bila taa ulikuwa unatumbukia shimoni unakufa. Ikafanya kazi vizuri mpaka mtu mmoja akagundua kwamba ukizima taa ukiwa darini, juu ya nyumba, napo unatumbukia kwenye shimo lisilo na mwisho, darini, wakati nyumba ya chini yake haina shimo lolote! Kosa la mantiki. Wakalitatua kwa kuweka kiumbe badala ya shimo, wakakiita grue. Tangu hapo ukiwa gizani unaambiwa ni giza totoro na huenda ukaliwa na grue. Ukiiuliza gemu grue ni nini inakujibu kwamba anakaa mahali penye giza, chakula chake anachokipenda ni watu kama wewe, anaogopa mwanga, hajawahi kuonekana mchana, na ni wachache waliopona meno yake wakabaki kusimulia.

Mimi niliicheza nikiwa chuo, maabara ya kompyuta mashine zilikuwa za zamani sana hazikubali chochote chenye picha nzito, usiku, ramani nimechora kwenye kauntabuku, na nakwambia taa yangu ya kwenye gemu ilivyoanza kufifia niligeuka nikaangalia nyuma ya kiti. Ni zimwi la bibi lile lile. Bibi yangu hakuwahi hata siku moja kutwambia zimwi lina meno mangapi, alitwambia linapokaa, linachokula, na linavyokuja, basi, umbo tulijitengenezea wenyewe na kila mtoto pale mkekani alikuwa na lake. Ila angalia, bibi alikuwa sahihi kabisa kwenye yale aliyosema, mto aliutaja kwa jina, mti ulikuwa mbuyu sio "mti". Zimwi linatisha kwa sababu mbuyu unaujua.

Nije kwa kaka yako, maana na yeye ana hoja na sipendi akapuuzwe. Mwaka 1980 Roberta Williams, mama wa nyumbani California aliyekuwa amenogewa na ile gemu ya pango, alitengeneza na mumewe Ken gemu inaitwa Mystery House kwenye kompyuta ya Apple II. Ndo gemu ya kwanza ya aina hii kuwa na picha. Picha kama 70 hivi, mistari mitupu, watu wamesimama kama waliochorwa na mtoto wa chekechea, na bado ulikuwa unaandika amri kwa maneno mawili mawili. Kama kipimo ni kuwaza tu, maelezo ya Zork yanaipita mbali. Lakini watu waliinunua kwa maelfu, na kampuni yao, ile iliyokuja kuitwa Sierra, ikawa kubwa. Watu walitaka kuona, na hamu ya kuona sio uvivu, ni hamu ya kibinadamu kabisa, hata bibi akisimulia alikuwa anatumia mikono na macho na anabadilisha sauti, hayo nayo ni sehemu ya kuonyesha.

Ila kaka asikwambie kwamba picha ndo ziliua gemu za maandishi, hiyo ni nusu ya stori. Infocom, waliokuwa wafalme wa maandishi, tangazo lao moja lilikuwa picha ya ubongo wakijisifu kwamba hiyo ndo grafiksi yao. Walikuwa na kiburi cha haki. Lakini wakaingiza hela nyingi kwenye programu ya kiofisi ya kutunza kumbukumbu inaitwa Cornerstone, ikatoka 1985, haikuuza, wakayumba, 1986 wakanunuliwa na Activision na 1989 ofisi ikafungwa. Ushindani wa picha ulikuwepo, ndio, ila kampuni iliumizwa sana na biashara ambayo haikuhusiana na hadithi hata kidogo.

Na mwambie hivi pia, moja ya gemu zilizosifiwa sana kwa hadithi miaka ya karibuni ni Disco Elysium ya 2019, ina maneno zaidi ya milioni moja, mchezo mzima ni kusoma na kuchagua, na tangu 2021 ipo mpaka kwenye PlayStation yake hiyo hiyo. Ina picha nzuri mno, zimepakwa kama rangi za mafuta, lakini kinachotokea ndani ya kichwa cha mpelelezi unayemchezesha, woga wake na majivuno yake vinavyobishana, hicho kipo kwenye maneno kwa sababu hakuna namna ya kukichora.

Sasa rafiki yako anayesema picha zinaua kuwaza, mpeleke kwenye Shadow of the Colossus ya Fumito Ueda, 2005, PlayStation 2, nadhani vibanda vingi vya gemu huku kwetu viliwahi kuwa nayo. Picha tupu, maneno machache sana. Kijana kamleta msichana aliyekufa kwenye nchi isiyo na watu, kuna majitu 16 ya kuua ili msichana arudi, na kati ya jitu moja na jingine unapanda farasi tu kwenye nyika kubwa isiyo na kitu. Hakuna anayekueleza nani alijenga yale mahekalu wala watu walienda wapi. Ueda kazi yake ni kupunguza, anaondoa anaondoa mpaka kinabaki kile tu kinachouma, na wewe kwenye ile safari ya farasi akili yako haikai, inauliza hivi mimi ndo mwema hapa kweli? Hiyo ni picha, na imeacha nafasi kubwa kuliko maandishi mengi niliyosoma. Kwa upande mwingine nimeshasoma gemu za maandishi zinazoeleza kila kitu mpaka rangi ya vifungo vya shati, unatoka umechoka hujawaza lolote.

Halafu kuna jambo moja lilinibadilisha mawazo kabisa. Mwaka 2015 daktari wa mfumo wa fahamu Adam Zeman na wenzake pale Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliipa jina hali ya watu ambao hawaoni picha yoyote kichwani, ukimwambia funga macho uone tufaha haoni kitu, anajua tu tufaha ni nini. Wanaiita afantasia. Watu hawa wapo, wanasoma riwaya, wanalia, wengine ni waandishi. Kwa hiyo ule usemi kwamba maandishi "yanachora picha akilini" ni kweli kwa baadhi yetu tu, na kama kuwaza kungekuwa ni kuona picha basi wenzetu hao wangekuwa nje ya hadithi, na hawako nje. Kuwaza ni kujali pia, ni kushuku, ni kujiuliza kitakachofuata.

Kwenye kujali nikupe Floyd. Planetfall ilitoka Infocom mwaka 1983, mwandishi Steve Meretzky, na ndani yake kuna roboti mdogo anaitwa Floyd anayekufuata kila uendapo. Kwa masaa na masaa hafanyi la maana, anakuomba mcheze kujificha, anaimba, anasimulia vitu visivyo na mpango, wewe unashughulika na mafumbo yako na huku kwenye mistari ya chini kuna sentensi moja ya Floyd anafanya utoto wake. Huoni sura yake. Kisha inafika mahali kuna maabara imejaa viumbe hatari na kinachohitajika kipo ndani, na Floyd anajitolea kuingia yeye. Anatoka ameraruliwa, unamshika, unamwimbia wimbo anaoupenda, anakufa. Watu wazima wa 1983 walilia mbele ya herufi kwenye skrini nyeusi na wengine wanakisimulia kifo kile hadi leo. Kilichofanya kazi pale ni zile sentensi ndogo ndogo za masaa yote yaliyopita, na Meretzky aliweza kuziandika nyingi kwa sababu sentensi haikugharimu kitu, kila tendo la Floyd lingehitaji kuchorwa likatembea angeishia na matendo manne matano. Hiyo ndo nguvu yako mdogo wangu, wewe usiye na hela ya mchoraji. Unaweza kumpa paka wa bibi tabia 30.

Na una silaha nyingine ambayo Infocom hawakuwa nayo, Kiswahili chenyewe. Andika: kuna mtu barazani, amejifunika shuka, kakalia mbuzi. Mwanamke au mwanamume? Kiswahili hakijasema na wala hakijaonekana kinaficha, "a" yetu inabeba wote, unaweza kwenda kurasa 20 na msomaji ameshajiamulia kimoyomoyo ni bibi, kisha ukamvua shuka. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi aseme mapema ni wa kike au wa kiume, au azunguke kwa shida. Picha ndo kabisa. Na huyo mbuzi, ni wa kukunia nazi au wa kulia mee? Sekunde moja hiyo ya msomaji kutojua ni kitendawili kizima, na huwezi kukichora.

Kwenye ufundi sasa. Usianze na gemu ya kuandika amri, anza na ya kubofya machaguo. Gemu ya amri inahitaji programu ya kuelewa mtu alichoandika, na zile za kwanza ziliundwa kwa Kiingereza chenye maneno yanayosimama peke yake, chukua taa, maneno mawili, kwisha. Ile ya pango ilikuwa inaangalia herufi tano za mwanzo tu za kila neno! Jaribu hilo kwa Kiswahili, mtu akiandika ninachukua, ninachimba, ninacheza, zote ni "ninac". Inabidi uvichambue vitenzi vipande vipande. Ukiweza lakini kuna zawadi, maana chumbani kukiwa na taa, kisu na mafuta, mtu akiandika "kichukue" tayari unajua ni kisu, "yachukue" ni mafuta, "ichukue" ni taa, ngeli imekwambia, wakati Kiingereza kinabaki kubahatisha "hicho" ni kipi. Natamani sana mtu aijenge hiyo vizuri. Ila sio kazi yako ya kwanza.

Tumia Twine, ni ya bure, aliianzisha Chris Klimas mwaka 2009, huhitaji kujua kuandika programu, unaandika vifungu unaviunganisha kwa viungo. Ukimaliza inakupa faili moja linalofunguka kwenye brauza ya simu janja, kwa maandishi matupu kawaida haifiki MB moja, unamtumia mtu kwa WhatsApp na akishalipata hahitaji bando tena. Ukija kutaka hadithi inayokumbuka mambo mengi zaidi kuna Ink, nayo bure, ya kampuni ya inkle, wale waliotengeneza gemu ya 80 Days ya 2014. Na jambo ambalo kaka yako hawezi kulijua kama hana mtu wa karibu wa hali hiyo, gemu yako itachezwa na wasioona, programu ya kusoma skrini itawasomea, kuna watu ambao hizi ndo gemu wanazozitegemea kabisa. Usiharibu hilo kwa kuweka maandishi ndani ya picha.

Kabla ya yote nenda Pangani. Ingia nyumba ya bibi na daftari kama Crowther pangoni. Hesabu hatua kutoka barazani mpaka uani, gusa ukuta unapobanduka chokaa, nusa stoo, sikiliza mlango wa jikoni unalia vipi. Andika yote, kurasa kumi zikijaa sawa. Kisha kwa kila chumba chagua vitu vitatu tu, viwili vya kuona na kimoja cha kugusa au kusikia, vingine viache kwenye daftari. Visikusikitishe, utakuwa unavijua na sentensi zako zitaonyesha kwamba unavijua.

Ukimaliza chumba cha kwanza wape watu watatu wasome kwenye simu, kaka yako awe mmojawapo, halafu kila mtu peke yake mwambie akichore hicho chumba kwenye karatasi, vyovyote anavyoweza. Zilaze karatasi tatu chini pamoja. Mlango kama upo sehemu tofauti kwenye kila karatasi rudi uandike upya, hapo umewapoteza. Lakini kama mlango upo pale pale kwa wote watatu, kitanda kipo pale pale, na yule aliyejifunika shuka amekuwa watu watatu tofauti kabisa, nitumie nisome.